Chenga kwenye picha ya MRI: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Kisumu na Nakuru

MRI ni mtambo unaopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Ukurasa huu ni wa wagonjwa, jamaa wanaowasindikiza, na wanafunzi wa chuo cha utabibu cha KMTC walio kwenye mazoezi. Maswali mengi huzaliwa na jambo moja: picha imetoka na chenga, yaani vitone vitone, daktari ameagiza irudiwe, na watu wanatafuta wa kulaumiwa. Chenga huja pale ishara inayotengeneza picha inapokuwa dhaifu kando ya kile tunachokiita kelele. Majibu ya wanafunzi yana hesabu kidogo, asiyezitaka aziruke.

Ishara ya MRI inatoka wapi? Ni mtambo unaoitoa?

Inatoka mwilini mwako. Maji na mafuta ya mwili yamejaa haidrojeni, na kiini cha haidrojeni ni protoni moja yenye usumaku wake mdogo. Ukilala ndani ya mtambo, baadhi ya protoni hufuata uelekeo wa sumaku kubwa na nyingine huelekea kinyume, na zinazopingana hufutana. Kwenye mtambo wa tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), katika kila protoni milioni moja, ziada inayobaki upande mmoja ni kama 5 tu. Picha nzima ya ubongo inatengenezwa na ziada hiyo. Inawezekana kwa sababu hata tone moja la maji lina protoni mabilioni kwa mabilioni.

Kazi ya mtambo ni kuzichokoza. Hurusha mawimbi ya redio ya megahezi 64 hivi (hesabu yake ni megahezi 42.58 kwa kila tesla), protoni zinayumba, mawimbi yanakatwa, na protoni zinapozunguka kurudi mahali pake zinatoa mawimbi yao wenyewe ya masafa yaleyale. Koili, yaani antena iliyo karibu nawe, ndiyo inayoyadaka. Felix Bloch na Edward Purcell walilionyesha jambo hili mwaka 1946, kila mmoja kivyake, mmoja kwenye maji na mwingine kwenye nta. Paul Lauterbur akalitolea picha mwaka 1973.

Kwa hiyo "kelele" mnayoisema ni ule mlio wa ga-ga-ga?

Hapana. Mlio ule ni wa koili za gredienti, zile zinazouwezesha mtambo kujua ishara imetoka sehemu gani ya mwili. Umeme ukiwashwa na kuzimwa ndani yake haraka haraka, zinatetemeka. Utahitaji vizibo vya masikio, lakini mlio wenyewe hauchafui picha.

Kelele inayoleta chenga haisikiki. Ni umeme mdogo mdogo unaozagaa bila mpango, na sehemu yake kubwa, kwenye mitambo ya tesla 1.5 kwenda juu, inatoka kwako mwenyewe: mwili una joto na chumvi, na chembe zenye chaji hazitulii. Mgonjwa anakuja na ishara, na anakuja na kelele. Chukulia mtu anakunong'oneza sokoni Kibuye siku ya Jumapili. Utamwambia apaze sauti, utamsogezea sikio, au utamwomba arudie. Kwetu sisi hizo ni sumaku yenye nguvu zaidi, koili iliyo karibu zaidi, na muda mrefu zaidi. Njia ya nne ni kukubali picha isiyo na undani mwingi, na si njia ya kudharau.

Tesla 3 si ndiyo bora kuliko 1.5? Nifunge safari hadi Nairobi?

Kwa wengi wanaotuuliza, la.

Ni kweli kwamba ishara hupanda sambamba na nguvu ya sumaku. Usumaku wa dunia hapa Kenya haufiki maikrotesla 40, kwa hiyo tesla 1.5 tayari ni zaidi ya mara 35,000 ya huo. Kwenda 3 kungepaswa kukupa ishara maradufu, na ishara maradufu ina thamani ya muda mara nne, kama utakavyoona chini. Ila hesabu ya kitabuni haifiki kitandani ikiwa nzima. Kwenye tesla 3 tishu huchelewa zaidi kujirudisha baada ya kuchokozwa. Mawimbi ya redio hupasha mwili joto zaidi, na joto hilo lina kikomo: kwa matumizi ya kawaida ni wati 2 kwa kila kilo ya uzito kwa mwili mzima. Kukiwa na chuma mwilini, doa jeusi kinaloliacha kwenye picha linakuwa kubwa zaidi.

Faida ya tesla 3 huonekana kwa vitu vidogo: kifundo cha mkono, neva nyembamba, tezi dume, chanzo cha kifafa ambacho picha za awali hazikukiona. Mgongo unaouma ukishuka mguuni, au goti la mchezaji, tesla 1.5 inayotunzwa vizuri inatosha kabisa. Hospitali na vituo hupenda kuandika tesla kwenye bango, na sisi tumezoea kuzihesabu. Mimi ningeuliza kwanza kama wana koili ya sehemu ninayougua, na ni lini mtambo ulipimwa ubora mara ya mwisho.

Na ile mitambo iliyo wazi pembeni?

Mingi ina sumaku za kudumu za tesla 0.2 hadi 0.4. Ishara ni ndogo, kwa hiyo utalala muda mrefu zaidi au vipande vitakuwa vinene. Kwa mtu anayeogopa kufungiwa, au mzee asiyeweza kunyoosha mgongo, picha ya wastani iliyokamilika ni bora kuliko picha nzuri aliyoikimbia katikati. Ipo hata mitambo midogo ya tesla 0.064 inayosukumwa hadi kando ya kitanda kupiga ubongo. Marekani iliruhusu wa kwanza mwaka 2020. Hiyo haitakuonyesha neva ndogo, lakini maji yaliyojaa kichwani itayaonyesha.

Mbona mnanifunga lile kava gumu gotini? Linaniumiza.

Samahani kwa usumbufu. Hilo kava ndilo koili, ndiyo antena yenyewe. Ishara hufifia haraka sana inapoachana na mwili, na koili kubwa iliyo mbali hudaka pia kelele ya mapaja yote mawili na nyonga, ilhali ishara ya goti ni ileile ndogo. Koili ndogo iliyolikumbatia goti hudaka goti tu.

Ukiangalia mpiga picha mzoefu akifanya kazi, utaona mambo madogo. Anatafuta ncha ya chini ya kilegesambwa kwa kidole kabla ya kufunga koili, ili katikati ya koili iwe hapo. Anasokota taulo dogo na kulishindilia upande wa nje ili goti lisizunguke. Anachomeka waya, anaubonyeza mpaka ulie, halafu anainua macho kwenye kioo cha mtambo kuona kama koili imetambuliwa. Waya usipokaa vizuri, baadhi ya vipengele vya koili havipokei na nusu ya goti inatoka gizani. Nimeona picha za namna hiyo zikiletwa kwa maoni ya pili, na jamaa wa mgonjwa wameshaambiwa mtambo ni mzee.

Kwa nini inachukua nusu saa? Eksirei ni sekunde.

Kwa sababu muda ndio tunaonunulia ishara, na bei yake ni kali. Ukirudia kipimo mara 2, ishara inajumlika maradufu lakini kelele nayo inaongezeka, ila kwa kipeuo cha pili tu. Faida halisi ni mara 1.4. Ukitaka uwiano wa ishara na kelele uwe maradufu, rudia mara 4.

Sasa tuseme daktari wa mifupa anataka vipande vya milimita 2.5 badala ya 5. Kila kipande kina nusu ya tishu, hivyo nusu ya protoni, hivyo nusu ya ishara. Kuirejesha, picha ya dakika 3 inakuwa ya dakika 12. Akitaka na kila pikseli ipunguzwe nusu kwa urefu na nusu kwa upana, ishara ya kila kijisehemu inabaki robo, na kuirejesha kwa kurudia kungedai mara 16. Hakuna anayeweza kutulia hivyo, na akitikisika, muda wote huo umepotea.

Ndiyo maana "undani zaidi" si jambo la kubonyeza kitufe. Wanafunzi hupenda kuongeza matriksi (idadi ya pikseli kila upande) hadi 512 wakidhani picha itakuwa kali, inatoka na chenga za kuwasha macho. Anza kwa kuuliza kidonda kinachotafutwa kina ukubwa gani.

Kuna njia ya kuharakisha isiyokula ishara?

Ipo moja maarufu ya kutumia vipengele vingi vya koili kwa pamoja na kuruka baadhi ya vipimo. Ukikata muda kwa nusu, unapoteza angalau asilimia 29 ya uwiano wa ishara na kelele, na zaidi ya hapo katikati ya mwili. Programu mpya zinazosafisha chenga kwa akili mnemba zinasaidia kweli, ila hazina uwezo wa kurudisha kitu ambacho hakikudakwa. Kidonda kidogo kilichozama kwenye kelele kinaweza kusafishwa pamoja nayo.

Kwenye picha moja maji ya ubongo ni meusi, kwenye nyingine ni meupe. Ishara imepungua?

Haijapungua. Ni suala la kuchagua wakati wa kuchokoza na wakati wa kusikiliza, yaani TR na TE.

TR ni nafasi kati ya mchokozo mmoja na unaofuata. Kila tishu ina muda wake wa kujirudisha, T1. Mafuta, kwenye tesla 1.5, huchukua kama milisekunde 250. Maji ya ubongo huchukua sekunde 4 hivi. Ukichokoza kila baada ya milisekunde 500, mafuta yameshajirudisha na yanang'aa, maji bado yako mbali na yanatoka meusi. TE ni muda unaosubiri kabla ya kupokea ishara, na T2 ni muda wa ishara kuzimika. Tishu nyeupe ya ubongo ina T2 ya milisekunde 80 hivi. Ukisubiri milisekunde 100, imebaki chini ya theluthi ya ishara yake, ilhali maji ya ubongo, yenye T2 ya kama sekunde 2, yamebaki na asilimia 95. Ndipo maji yanang'aa.

Kwa wanafunzi: ukiwa na haraka na kufupisha TR, unalipa kwa ishara. Kwenye mifuatano (mipangilio ya kuchokoza na kusikiliza) ya haraka, punguza pembe ya mchokozo. Nyuzi 90 kwa TR fupi haiwapi protoni nafasi ya kupumua.

Mfupa na mapafu mbona ni meusi tupu?

Mfupa mgumu una maji machache, na T2 yake haifiki milisekunde moja: ishara inazimika kabla koili haijaanza kupokea. Mapafu yana hewa nyingi kuliko tishu, na mipaka ya hewa na tishu huvuruga usumaku. Kwa mapafu, CT (picha ya vipande kwa eksirei) bado ndiyo mwenyewe.

Nilianguka na boda boda, nina chuma pajani. Picha ya goti itaonekana?

Kwanza usalama: mwambie mpiga picha, na lete karatasi za upasuaji. Kama wewe ni fundi wa kuchomelea vyuma na umewahi kuingiwa na kipande machoni, sema pia. Hilo haliombi subira.

Tukija kwenye ishara, chuma hupotosha usumaku kwa umbali fulani pande zote, na protoni zilizo jirani hupoteza mwafaka wao mara moja. Kwenye picha linatokea doa jeusi lenye ukingo mweupe uliojipinda, kubwa kuliko chuma chenyewe. Titani huacha doa dogo, chuma cha pua huacha kubwa zaidi. Bamba likiwa katikati ya paja, goti mara nyingi linaonekana. Likiwa limeshuka hadi jirani na goti, tunatumia mifuatano ya spini-mwangwi, isiyovurugwa sana na chuma, badala ya gredienti-mwangwi, tunapanua ukanda wa masafa ya kupokea, na tunakata vipande vyembamba. Kupanua ukanda huo kunaingiza kelele zaidi, kwa hiyo picha itakuwa na chenga kidogo. Tunazikubali kwa sababu doa limepungua. Na hapa sumaku ndogo inaishinda kubwa: usikubali kupelekwa tesla 3 kwa sifa tu.

Mama yangu ameambiwa afumue nywele. Ni lazima?

Rasta za kawaida za uzi, hapana. Wigi lenye vibanio, weaving iliyoshonwa kwa waya mwembamba, pini zilizosahauliwa ndani ya msuko, kope za sumaku: hizo zote zitoke. Pini moja juu ya paji la uso inaweza kufuta sehemu ya mbele ya ubongo na jicho moja kwenye picha. Tunajua nywele zimegharimu. Mwulize mama wakati wa kuweka miadi, siyo asubuhi ya kupigwa picha akiwa ameshavaa gauni, ili asije akadhalilika mbele ya watu.

Mwanangu ana siko seli na ameongezewa damu mara nyingi. Kwa nini ini lake lilitoka jeusi?

Swali hili tunalipata sana huku kanda ya ziwa, na jibu lake lina uzito.

Kila uniti ya damu huja na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, na mwili hauna njia ya kuyatoa yakizidi. Yanajikusanya kwenye ini, na baadaye yanaweza kufika moyoni. Madini hayo yana usumaku wa kutosha kuvuruga protoni zilizo karibu, na ishara ya ini inazimika upesi. Weusi huo, basi, si hitilafu ya mtambo. Ndicho kipimo chenyewe. Tunapiga picha kadhaa mfululizo, kila moja ikisubiri milisekunde chache zaidi ya iliyotangulia, kisha tunahesabu muda wa kuzimika, unaoitwa T2 nyota. Ini lisilo na tatizo huwa na zaidi ya milisekunde 20 hivi kwenye tesla 1.5, lililojaa madini sana linaweza kushuka hadi chini ya 2. Kwa njia hii daktari anajua kiasi cha madini bila kumdunga mtoto sindano ya kunyofoa kipande cha ini, na anaamua kuhusu dawa za kuyatoa.

Kwa kipimo hiki pia tesla 1.5 inafaa kuliko 3. Kwenye tesla 3 ishara huzimika karibu mara mbili kwa kasi, na ini lililojaa sana linakuwa limenyamaza kabla hatujapata namba ya kwanza. Ukiwa mzazi, omba kipimo kirudiwe kwenye mtambo wa nguvu ileile kila mara, la sivyo namba za mwaka huu na za mwaka jana hazilinganishiki.

Dawa mnayodunga mshipani huongeza ishara?

Ndiyo, kwa kupitia maji. Ina gadolini, na maji yaliyo karibu nayo hujirudisha haraka, kwa hiyo yanang'aa kwenye picha za T1. Uvimbe wenye mishipa mingi huinyonya na kujitokeza. Ikikolea mno, mambo hugeuka: kwenye kibofu cha mkojo, dawa iliyojikusanya chini hutoka nyeusi. Tunauliza kuhusu figo kwa sababu aina za zamani, kwa watu wenye figo zilizodhoofika sana, zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi.

Unene wa mwili unaathiri?

Unaathiri. Koili inakuwa mbali na kiungo kinachotafutwa, na mwili mkubwa unatoa kelele zaidi. Kwenye tesla 3, wimbi la redio ndani ya tishu lina urefu usiofika sentimita 30, likiingia tumbo pana au lililojaa maji hujipinga lenyewe na kuacha kivuli katikati. Mgonjwa hana la kujitetea hapo.

Joto la Kisumu linapunguza ishara ukilinganisha na baridi ya Nakuru?

Kwa mitambo mikubwa, hapana. Sumaku yake imezamishwa kwenye heli ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na mwili wako una nyuzi 37 iwe Kondele iwe Njoro. Mitambo iliyo wazi ndiyo yenye shida. Sumaku za kudumu za neodimi hupoteza takriban asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Kwenye tesla 0.3 hiyo ni kuyumba kwa masafa karibu kilohezi 13. Kwa hiyo sumaku hizo huwa na vipasha joto vyake ili zikae kwenye joto lilelile usiku na mchana. Kiyoyozi kikiharibika mchana wa Februari, fundi aitwe kabla ya mgonjwa.

Stima ikipotea, sumaku inazimika?

Haizimiki. Umeme unazunguka ndani ya nyaya zilizopozwa bila upinzani wowote, na hauhitaji stima ya nje. Kinachosimama ni upokeaji wa picha na kile kipoza heli. Picha iliyokuwa ikiendelea inapotea, utaanza upya. Kipoza kikisimama muda mrefu heli huanza kuchemka na kutoroka, na heli ni ghali. Jenereta ya kituo cha MRI inapaswa kubeba kipoza hicho hata usiku ambapo hakuna mgonjwa. Kumbuka pia kwamba chumba kikiwa giza, sumaku bado inavuta: mlinzi asiingie na tochi ya chuma.

Kwa nini mnagombana na watu wanaoacha mlango wazi?

Chumba kimefunikwa shaba pande zote ili mawimbi ya nje yasiingie. Mlango ukiachwa na ufa, balbu ya LED ya bei rahisi kwenye korido inatosha kuchora mstari wa nukta katikati ya picha. Chuma kikubwa kinachotembea nacho kina athari, na lori la mchanga likipita karibu mno na ukuta linaweza kuyumbisha usumaku. Hilo huamuliwa wakati wa kujenga, na likikosewa hapo halina dawa ya rahisi.

Filamu niliyopewa ni nyeusi sana. Ishara ilikuwa dhaifu?

Pengine ni uchapishaji tu. Mwanga na giza la filamu huwekwa kwa mkono wakati wa kuchapisha, na printa yenye tatizo hugeuza picha nzuri kuwa usiku. Filamu pia ina vipande vichache vilivyochaguliwa. Omba CD yenye picha zote. Daktari wa Nakuru atazifungua kwenye kompyuta na kurekebisha mwanga mwenyewe, na chenga zikiwepo ataziona. Hakikisha jina lako na tarehe ziko juu ya CD kabla hujapanda gari.